Walitupa majina ya maradhi, maelezo yakaishia njiani

MWISHONI mwa mwaka wa 2017 na mapema 2018, wakazi wa Mombasa walishambuliwa na ugonjwa uliowakunja viungo. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kufunga kifungo cha shati. Madaktari wakasema ni chikungunya, na hapo ndipo mjadala wa lugha ulipoanza vibarazani. Hili neno ni la wapi? Wapo waliodhani ni Kijapani, wapo waliodhani ni Kihindi. Wale waliofungua vitabu wakajibu kwa madaha kwamba ni Kiswahili, maana vitabu kadhaa vya tiba viliandika hivyo na vingine vingali vinaandika.

Si Kiswahili, mpenzi msomaji. Ni Kimakonde.

Mnamo 1952 na 1953 ugonjwa huo ulivuma katika nyanda za juu za Wamakonde, wilaya ya Newala na viunga vyake, kusini mwa Tanganyika. Daktari Marion Robinson aliueleza katika makala iliyochapishwa 1955, pamoja na makala nyingine ya mwenzake Lumsden. Wangeweza kuubandika jina la Kilatini, au jina la bwana fulani kama ilivyokuwa desturi. Badala yake walichukua jina walilolisikia kwa wagonjwa. Linatokana na kitenzi cha Kimakonde kungunyala, yaani kukauka au kupindika, na chikungunya ni kile kinachompinda mtu. Ile chi- ya mwanzo ndiyo ki- yetu ya ngeli ya KI-VI, na kwa mwanaisimu yeyote ingetosha kuwa dalili kwamba hapa hatumo katika Kiswahili sanifu.

Sasa hebu tuangalie wenye neno wenyewe. Wamakonde wa Kenya wengi wao wapo Kwale. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji, wengi wakati wa ukoloni, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wakazaa, wakajukuu, wakazikana hapa, lakini hawakuwa na vitambulisho. Ilibidi mwaka wa 2016 wafunge safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na mwaka wa 2017 ndipo wakatambuliwa kuwa jamii ya 43 ya Kenya. Yaani chikungunya ilipotua Mombasa mwishoni mwa mwaka huohuo, jina lake lilikuwa limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60, ilhali waliolibuni walikuwa ndio kwanza wanahesabiwa kuwa Wakenya. Tangazo la kuwaeleza watu wamwage maji yaliyotuama katika madebe na magurudumu mabovu, ili mbu asizaane, liliwajia Wamakonde hao kwa lugha mbili zilizozoeleka: Kiingereza na Kiswahili.

Hilo ndilo ninalotaka kulijadili leo. Katika Afrika Mashariki elimu ya maradhi imekuwa ikisafiri kwa njia moja. Maneno na maarifa hupanda kutoka kwenye lugha ndogo kwenda maabara. Maelezo yanapoteremka huishia kwa Kiswahili, nasi wapenzi wa Kiswahili hupiga makofi tukiamini kwamba yamefika nyumbani.

Chikungunya haiko peke yake. Mwaka wa 1959 homa nyingine ya viungo ilizuka kaskazini mwa Uganda. Waacholi wakaiita o'nyong-nyong, wakimaanisha kudhoofika kwa viungo kwa maumivu makali. Wataalamu wakalichukua jina hilo kama lilivyo, kituo cha juu na vyote. Ugonjwa ukashuka hadi kwetu na Tanganyika, na kufikia 1962 watu wapatao milioni mbili walikuwa wameugua. Huku Nyanza, kwa kuwa Kiacholi na Kijaluo ni ndugu, jina halikuwa geni sana masikioni. Hata dengue, ambayo wengi huiona ya Kihispania, wapo wanaoamini kwamba chimbuko lake ni Kiswahili cha Unguja: kidinga pepo. James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar wakati ugonjwa huo ulipovuma mwaka wa 1870, alilinakili jina hilo na kuliandikia makala. Asili hiyo inabishaniwa, lakini kidingapopo bado kimo katika kamusi zetu.

Mfano ninaoupenda zaidi hautoki kwetu, unatoka Ghana. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akiwatibu watoto huko Gold Coast, kama ilivyoitwa enzi hizo. Aliona watoto wanaovimba miguu na tumbo, nywele zinabadilika rangi, ngozi inabambuka. Vitabu vya Ulaya havikuwa na jina la kumfaa. Akawauliza akina mama. Wakamwambia kwa Kiga: kwashiorkor, ugonjwa anaoupata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Msomaji, tazama jina hilo kwa makini. Si jina tu, ni utambuzi kamili wa maradhi. Linasema ni nani anayeugua, lini, na kwa nini: mtoto ameachishwa ziwa kabla ya wakati kwa sababu mwingine amelichukua, na uji wa mahindi anaopewa haumtoshi. Mwaka wa 1935 Williams alilitumia jina hilo katika jarida la Lancet, akaeleza kwamba ni ugonjwa wa lishe unaohusiana na chakula cha mahindi. Sisi kwa Kiswahili tunauita unyafuzi, neno zuri, ila halina ile habari iliyomo ndani ya neno la Kiga.

Ninayasimulia haya kwa sababu kuna hoja moja nimeisikia mara nyingi katika makongamano: ati lugha za kiasili haziwezi kubeba sayansi, hazina istilahi. Zisingekuwa nazo, wanasayansi wangetoa wapi majina hayo?

Tugeukie sasa safari ya kuteremka. Wamishonari, kwa sababu zao, walijifunza lugha za wenyeji. Krapf hakuwa amekaa Rabai muda mrefu kabla ya kuanza kukusanya maneno. Aliyetaka kumwongoa mtu alilazimika kumfikia katika lugha anayoiotea ndoto, na hospitali za misheni kama Tumutumu na Maseno zilifuata mkondo huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu nyingine. Ilitaka lugha moja ya kuamrisha. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi 1930, shabaha zilikuwa shule, vitabu na utawala. Afya ilipanda gari hilohilo.

Matokeo yake yalikuwa mlolongo ambao wazee wengi vijijini bado wanaukumbuka. Daktari mzungu anasema kwa Kiingereza. Msaidizi wake anayageuza kuwa Kiswahili. Chifu au karani anayageuza Kiswahili hicho kuwa lugha ya pale. Milango mitatu, na kila mlango unabana. Lililotoka kwa daktari kama ombi lenye sababu zake lilifika kwa mkulima kama amri tupu: chimba choo, choma nyasi, leta mtoto achanjwe. Sababu zilibaki kwenye mlango wa kwanza. Kwa haki, nitaje kwamba shirika la uchapishaji la East African Literature Bureau, lililoanzishwa 1948, lilijitahidi kutoa vijitabu vya afya na kilimo kwa Kiswahili na kwa baadhi ya lugha kubwa kama Kikuyu, Kijaluo na Kiganda. Neno muhimu hapo ni kubwa. Mrendile na Mdaasanach hawakuwa katika orodha ya wasomaji waliokusudiwa.

Baada ya Uhuru mlolongo ule tuliurithi, tukabadilisha tu nyuso. Kisha ukaja Ukimwi, na ndio ulioanika udhaifu wote hadharani.

Kenya iligundua mgonjwa wa kwanza mwaka wa 1984. Kule Kagera, Tanzania, ulikoonekana mwaka mmoja kabla, watu waliuita Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Waganda wakauita siliimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Wataalamu wa Kiswahili wakabuni Ukimwi, kifupisho kilichokaa vizuri mdomoni kiasi kwamba leo wengi hawajui kwamba ni kifupisho. Huo ulikuwa ushindi wa Kiswahili, na sina haja ya kuuonea haya.

Lakini Nyanza, mahali palipoumia kuliko pengi nchini, kulikuwa na neno lililotangulia: chira. Kwa Wajaluo chira ni maradhi ya kukonda na kunyauka yanayompata aliyevunja mwiko, na dawa yake ni manyasi. Mgonjwa wa Ukimwi naye alikonda na kunyauka. Kwa hiyo familia ilipomwona kijana wake akiisha mwilini haikukosa maelezo, ilikuwa nayo tayari, tena yenye tiba na taratibu zake. Bango la Kiswahili lililosema Ukimwi unaua halikugusa kitu, kwa sababu kwa macho yao kijana wao hakuwa na Ukimwi. Alikuwa na chira. Jina ayaki lilipoenea katika Kijaluo kuutaja ugonjwa huu mpya, angalau mabishano yalipata mahali pa kufanyika: hii ni ayaki au ni chira? Swali hilo lingeweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kijaluo tu. Hakuna Kiswahili kingelifikia, maana Kiswahili hakina chira.

Hapa pana onyo kwa wale wanaodhani kwamba kutafsiri ni kubadilisha neno kwa neno. Kila lugha ina ramani yake ya mwili na ya maradhi. Ukileta neno jipya bila kujua ni nani aliyekwisha kukaa mahali pale, utakuwa umejenga juu ya kiwanja cha mtu.

Nilisema tunapiga makofi maelezo yanapofika kwa Kiswahili. Basi tuvuke mpaka twende mashariki mwa Kongo, mahali ambapo ni Kiswahili chenyewe kilichowekwa kwenye mizani.

Jina Ebola kwanza. Mwaka wa 1976 homa kali ilizuka Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo. Watu 318 waliugua na 280 wakafa. Watafiti hawakutaka kuuita ugonjwa huo jina la Yambuku, wasije wakawatia doa wenyeji, wakachukua jina la mto. Ebola ni matamshi ya Kifaransa ya Legbala, jina la mto huo kwa Kingbandi. Lugha ndogo tena, na mara hii hata jina lenyewe limepindwa.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mkurupuko mwingine, safari hii Kivu Kaskazini, karibu na mji wa Beni. Ulisambaa hadi Ituri. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Chanjo ilikuwapo. Dawa za majaribio zilikuwapo. Pesa zilikuwapo kwa wingi ambao wenyeji hawakuwahi kuuona wakati walipokuwa wakiuawa na makundi ya waasi, na jambo hilo peke yake liliwatia shaka. Vituo vya matibabu vilichomwa. Mnamo Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko wa Cameroon, alipigwa risasi akafa hospitalini Butembo.

Sitadai kwamba lugha ndiyo iliyowasha moto huo. Vita, siasa na dhuluma za miaka mingi zilikuwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini katika mji ambao kila mgeni anashukiwa, lugha anayokujia nayo ni kitambulisho chake. Lingala pale ni lugha inayohusishwa na wanajeshi. Kifaransa ni cha ofisi. Waliobuni ujumbe wakasema: basi tutumie Kiswahili, ndicho lugha ya watu. Wakaleta Kiswahili sanifu. Shirika la watafsiri la Translators without Borders lilipochunguza likakuta kwamba habari nyingi zilitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili hicho cha vitabuni, ilhali watu walitaka Kinande, au Kiswahili chao wenyewe.

Na Kiswahili chao si chetu. Ni mtoto wa kile kilichoitwa Kingwana, kilichoingia bara na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakua kivyake, kikajenga sarufi yake bila kutuomba ruhusa. Chukua neno moja tu. Kwetu Kenya, ukisema mganga, mtu anafikiria yule wa vibuyu, au yale matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima, ya waganga wa kurudisha mpenzi na kuondoa mikosi. Ukivuka Namanga, Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari bingwa mwenye ofisi na gari. Ukifika Kivu, munganga ni daktari wa hospitali, yule mwenye koti jeupe. Sasa tuseme mtaalamu wa Nairobi ameandika bango zuri, la Kiswahili fasaha, lenye maneno haya: ukiona dalili, usiende kwa mganga. Amemwambia Mkenya aende hospitali. Amemwambia mtu wa Beni asiende.

Wapo wenzetu wanaoona Kiswahili cha Kongo kuwa Kiswahili kilichoharibika, kinachongoja kusahihishwa. Nami napenda Kiswahili sanifu, nimekifundisha na kukitetea. Ila mgonjwa hasahihishwi lugha, anatibiwa.

Miezi michache kabla mkurupuko huo haujaisha, ikaja korona. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na kuanzia hapo kila alasiri tulikaa mbele ya runinga kusikiliza takwimu. Kiswahili kilifanya kazi ya kupendeza katika miezi ile. Kililichukua neno barakoa, ambalo zamani lilikuwa pambo la uso la mabibi wa Zanzibar, tena wa tabaka la juu, kikalivalisha taifa zima. Watoto wa shule ya chekechea walilijua kufikia Juni.

Neno karantini halikuwa na bahati hiyo. Kwa mkazi wa Nairobi lilikuwa jipya, likimaanisha kufungiwa hotelini au bwenini siku 14. Kwa Msamburu, Mmaasai au Mborana neno hilo lina umri mkubwa. Tangu enzi za ukoloni karantini ni amri inayofunga soko la mifugo. Serikali ilitangaza karantini ya ng'ombe kwa sababu ya ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa ulikwisha na karantini ikabaki, kwa kuwa walowezi hawakutaka ng'ombe wa wafugaji washindane na wao sokoni. Mzee aliyeona mifugo yake ikifa kiangazini kwa kukosa mnunuzi halisikii neno hili kama kinga. Ni neno la kuporwa. Sasa serikali inamjia na kumwambia kwamba safari hii wanaotiwa karantini ni watu. Ungekuwa wewe ungejificha au ungejitokeza?

Hilo lisingeonekana na mtafsiri aliyekaa Nairobi na kamusi yake. Lingeonekana na kijana yeyote wa Maralal aliyekulia kwenye boma, kama angeulizwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika zahanati moja kaskazini mwa nchi, ambayo si lazima niitaje. Muuguzi alikuwa kijana mchapakazi kutoka mkoa mwingine, aliyepelekwa huko bila kufundishwa hata salamu. Mbele yake alikaa mama mzee, Mrendile, ameletwa na mjukuu wake wa kike aliyevaa sare ya shule. Huyo mjukuu ndiye aliyekuwa mkalimani.

“Mwulize nyanya kama bado anatokwa na damu,” muuguzi alisema. “Na mwulize imeanza lini.”

Mtoto akatazama sakafu. Akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini. Bibi akamtazama kwanza, kisha akajibu kirefu, akionyesha kwa mkono mgongo, kiuno, akanyamaza, akaongeza tena.

“Anasema hapana, sista.”

Muuguzi akaandika hapana. Sina njia ya kujua bibi yule alisema nini, lakini hapana haikosi kupungukiwa na kitu pale. Wala simlaumu yule binti. Alikuwa ametiwa katika jambo ambalo adabu ya kwao, na ya kwetu pia, haimruhusu kulitamka mbele ya bibi yake, sembuse kumuuliza. Shuleni alifundishwa Kiswahili cha insha na cha methali. Hakuna aliyemfundisha maneno ya tumbo la uzazi katika lugha yoyote.

Je, sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi na kukuza lugha za kiasili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inakwenda mbali zaidi: mhudumu anapaswa kumweleza mgonjwa hali yake katika lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Ila kuna kishazi kimechomekwa katikati: pale inapowezekana. Nani anayeamua kama imewezekana? Katika zahanati ile iliwezekana kwa kumtumia mtoto.

Najua hoja ya gharama inakuja. Kenya ina lugha zaidi ya 60, tutachapisha mabango ya lugha zote? Hapana, na hakuna mwenye akili timamu anayedai hivyo. Wadahalo wa Lamu, ambao sensa ya 2019 ilipata hawafiki 600, wanazungumza Kiswahili pia, na bango la Kidahalo lingekuwa mapambo. Hali ya Mturkana mzee wa Kibish, Mpokot wa Alale au Mdaasanach wa Ileret ni nyingine kabisa. Huko ndiko kwenye watu wazima, hasa wanawake, ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya polisi tu. Tena wengi wao hawasomi lugha yoyote, kwa hiyo hata bango lenyewe silo chombo. Sauti ndiyo chombo. Shirika la KBC kwa miaka mingi limekuwa na idhaa ya mashariki inayotangaza kwa Kisomali, Kiborana, Kirendile, Kiburji na Kiturkana. Hii ni mitambo na watangazaji waliopo tayari, wala si ndoto ya wanaharakati.

Hoja ya umoja wa taifa ina uzito zaidi kwangu, kwa sababu historia yetu ya redio za lugha za mama na uchaguzi wa 2007 haisahauliki kirahisi. Lakini kumweleza mama kwa Kipokot namna ya kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari hakujawahi kugawa nchi.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wanaopita mlango kwa mlango. Wengi ni wanawake, wamechaguliwa kutoka vijiji vyao, wanazungumza lugha ya pale. Kwa mtazamo wa lugha, hilo ndilo jambo kubwa zaidi lililofanywa katika afya ya umma nchini kwa miaka mingi, ingawa sikusikia hata mmoja akilisifia kwa sababu hiyo. Kila mmoja alipewa mkoba wenye kipimajoto, mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, na vifaa vingine, pamoja na simu ya kuingizia takwimu. Istilahi hazimo mkobani. Mhudumu wa Laisamis anafundishwa shinikizo la damu, kisukari, dalili za hatari kwa mjamzito, halafu anabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza na kuanza kutafsiri peke yake, papo hapo, kwa maneno anayoyabuni njiani. Jirani yake wa kijiji cha pili anabuni mengine.

Maneno wanayoyahitaji hayafiki 300. Idara za lugha katika vyuo vikuu vyetu zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu, na baadhi yao ni Warendile, Waborana na Wapokot. Kaunti zina wakunga wa jadi wanaojua jina la kila kiungo na namna ya kulitaja mbele ya mkwe bila kuvunja heshima. Wakae pamoja wiki mbili, wawe na muuguzi mmoja na kinasa sauti. Wakunga ndio waanze kusema.